Naomba ushauri: nieleze vipi daraja la Neretva?

Wakuu, habari za jioni. Nina klabu ya historia shuleni, na Ijumaa tunamalizia mada ya wapiganaji wa msituni wa Tito, kiongozi aliyepigana na Wajerumani huko Yugoslavia, Machi 1943. Nimekwama.

Wapiganaji hao wamezingirwa na Wajerumani na washirika wao huko Bosnia, wana majeruhi kama 4,000, na njia pekee ni kuvuka mto Neretva. Tito anaamuru madaraja yalipuliwe! Kisha vikosi vyake vinageuka na kuwashambulia Wajerumani upande wa mji wa Gornji Vakuf, mbali na mto. Baada ya hapo wanarudi usiku mtoni, pale Jablanica, wanatandika mbao juu ya mabaki ya daraja la reli na kuvusha majeruhi kwa machela. Mizinga mizito wakaitupa mtoni.

Nilichora ubaoni, kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu si kajifungia mlango mwenyewe?" Darasa zima likacheka, nami nikabaki na chaki mkononi.

Shida yangu: wapo wanaosema ulikuwa mtego wa makusudi, ili Wajerumani wadhani hatavuka, wapo wanaosema alibadili mpango njiani. Mimi naegemea hao wa pili, ingawa hadithi ya mtego ni tamu zaidi. Niwape zote mbili, au nitawachanganya? Ni kidato cha pili.