PET ndani ya MRI: mirija, APD au SiPM?

Kijana_wa_Chiromo: Wadau, salaam. Mradi wetu wa mwaka wa nne ni kigunduzi kidogo cha PET (picha za mwili kwa dawa yenye mionzi) cha kuwekwa ndani ya MRI (mashine ya picha ya sumaku) yenye nguvu ya tesla 1.5. Fuwele za LYSO, zinazotoa mwanga zikipigwa na mionzi, tunazo. Tunabishania kitakachosoma mwanga wake. Mwenzangu anang'ang'ania mirija ya zamani ya kuzidisha mwanga kwa sababu imejaa kabatini, bure.

Mama_Sumaku: Cha bure ghali, mdogo wangu. Ndani ya mrija elektroni huruka kwenye ombwe kutoka bamba hadi bamba, na sumaku huzipinda zisifike. Militesla chache tu zinatosha. Mimi niliubeba mmoja hadi mlangoni mwa chumba cha MRI, ishara ikafifia hata kabla sijaingia.

Fundi_Luthuli: Lakini si Philips waliitumia kwenye Ingenuity TF, mashine yao ya PET na MRI?

Mama_Sumaku: Waliitumia, ila nje ya sumaku. Pale kuna mashine mbili mbalimbali, na kitanda kinazungushwa katikati. Picha moja, kisha nyingine. Hawa vijana wanataka zote kwa wakati mmoja.

Nusu_Kipitishi: APD, dayodi ya silikoni inayozidisha ishara ya mwanga, haijali sumaku, ndiyo maana Siemens waliiweka kwenye Biograph mMR, mashine yao ya PET na MRI kwa pamoja. Tatizo inazidisha mara mia chache tu, tena kwa volti mamia. Ishara nyonge namna hiyo, kando ya koili za MRI zinazorusha mawimbi ya redio, itakutoa jasho kwenye amplifaya. Na kasi haina.

SiPM ni maelfu ya vidayodi kwenye kipande kimoja cha silikoni. Fotoni (chembe ya mwanga) ikigusa kimoja, kinafyatuka kama mtego wa panya. Uzidishaji ni kama mara milioni, kwa makumi ya volti tu. SIGNA PET/MR ya GE inatumia hizo na inapima muda kwa chini ya pikosekunde 400: unajua mnururisho ulitokea wapi kwenye mstari kati ya vigunduzi viwili vilivyoupokea, ndani ya sentimita 6 hivi. Mimi SiPM, sina la kuongeza.

Fundi_Luthuli: Mimi ninalo. Mitego hiyo hufyatuka hata bila panya, na joto likipanda hufyatuka zaidi. Volti ya kufyatukia nayo huhama kwa makumi ya milivolti kila nyuzi moja. Julai iliyopita nilirekebisha yangu asubuhi nikiwa na sweta. Kufika saa nane vilele vyote vya grafu vilikuwa vimesogea, nikalaumu fuwele siku nzima! Bandikeni kipimajoto kando yake, volti ifuate joto.

Mama_Sumaku: Mkiikinga na mawimbi ya redio, msiifunike kwa shaba nzima pia. Koili zinabadili sumaku upesi, mikondo ya umeme inazunguka ndani ya shaba na kuharibu picha. Ikateni vipande. Halafu kwa majaribio ya mezani msihangaike kuomba chanzo cha mionzi: lutetiamu iliyo kwenye LYSO ina mionzi yake yenyewe.

Kijana_wa_Chiromo: Hiyo ya lutetiamu imetuokoa barua tatu. Basi SiPM. Na viunganishi?

Fundi_Luthuli: Vingi vina nikeli chini ya dhahabu, na nikeli inavutwa. Ukienda dukani beba sumaku mfukoni.

Kijana_wa_Chiromo: Kesho niko Luthuli na ile ya mlango wa friji.