Naomba ushauri: nikasome MD (shahada ya udaktari) na miaka 34 hii?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni tabibu, diploma ya miaka 3, nimeajiriwa serikalini, zahanati ya kijijini. Tuko wawili tu, mimi na muuguzi. Siku ya kliniki ya watoto foleni inafika hadi kwenye mwembe.

Mwezi uliopita tuliletewa mama mwenye mimba ya miezi 8, presha 170 kwa 110, anasema anaona ukungu. Nikamchoma magnesiamu ya kuzuia degedege, nikapiga simu ya ambulensi, nikamsindikiza mwenyewe. Kufika hospitali, daktari wa intern (aliye kwenye mafunzo ya vitendo), mdogo kwangu kabisa kiumri, ananiuliza mbele ya ndugu wa mgonjwa: "Nani kakuruhusu kumpa dawa?" Mama alipona, namshukuru Mungu, lakini lile swali bado linanikereketa.

Sasa nawaza MD. Ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa intern ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika likusajili kikamilifu. Nikianza leo, namaliza na 40. GPA yangu (wastani wa alama) ya diploma ni 3.4, hapo sina wasiwasi sana. Wasiwasi ni tumbo: nina mke, watoto wawili na mkopo wa benki unaokatwa kila mwezi.

Mliotoka kazini kwenda kusoma, ruhusa mliipataje, na mshahara uliendelea? Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) mlipata mkiwa na ajira? Mke wangu ananishauri nichukue kozi fupi ya dawa za usingizi, nisihangaike. Huenda yuko sahihi, sijui. Aliyepitia njia hiyo naye aniambie.