Mjadala: Msaada wa dharura wa umeme na maji uende kwenye mita au kwenye kaya?

Mleta mada, Manzese

Hoja ninayoileta ni hii: je, Serikali, au halmashauri za Dar es Salaam, zianzishe mfuko wa dharura wa kuzisaidia kaya za kipato cha chini pale zinaposhindwa kununua umeme au kulipa ankara ya maji, kwa mfano mlezi wa familia anapougua? Mimi naunga mkono. Ninachokipinga ni njia ambayo wengi huikimbilia, yaani kuingiza uniti moja kwa moja kwenye mita, kwa sababu inachukulia kwamba kila kaya ina mita yake, na aliyewahi kupanga Manzese, Tandale au Vingunguti anajua kwamba sivyo.

Nyumba ninayoishi ina vyumba sita, kaya sita na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kando ya mita limening'inizwa daftari kwa kamba, ambamo kila chumba huandikiwa mchango wake: mwenye taa na redio hutoa kidogo, mwenye friji huongeza, na mwenye pasi hutazamwa kwa jicho la pembeni. Sasa tupige hesabu. Tarifa D1, iliyowekwa kwa ajili ya watumiaji wadogo wa majumbani, ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi mita isivuke uniti 75 kwa mwezi, ilhali Tarifa 1, ya watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292. Kila chumba chetu kikitumia uniti 20 tu, mita inasoma 120, na nafuu ya D1 tunaisikia kwa majirani. Kaya yenye mita yake ingelipia uniti hizo 20 shilingi 2,000. Kwetu inalipia 5,840. Yaani nafuu iliyokusudiwa maskini inampita maskini kwa sababu anaishi na maskini wenzake.

Isitoshe, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na kwetu sijaona aliyerudishiwa.

Mchangiaji, Tabata

Hesabu yako siipingi, ila sioni dharura iko wapi. LUKU haina deni: ukiishiwa unakaa gizani siku mbili, unatafuta, unanunua. Fedha za mfuko zitatoka kwa nani kama si kwa wateja wengine, ambao nao wanahangaika? Afrika Kusini imekuwa ikitoa uniti 50 za bure kwa mwezi kwa kaya maskini tangu 2003, na bado madeni ya umeme ya Soweto ni habari ya kila mwaka. Tena, ukimpa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kalamu ya kuandika majina, wa kwanza kwenye orodha atakuwa shemeji yake.

Mchangiaji, Temeke

Ndugu wa Tabata, giza la siku mbili kwa mama anayeuza barafu na juisi ni mtaji kuyeyuka. Lakini kwangu shida kubwa zaidi ni maji, ambayo bado yanakuja na ankara, na ankara inalimbikizwa. Bomba la nyumba yetu lilipokatwa kwa deni la mwenye nyumba, wapangaji tulinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 100. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50, kwa hiyo tulikuwa tukilipa shilingi 5,000 kwa uniti, mbali na kubeba.

Mleta mada, Manzese

Nashukuru kwa mfano wa maji, maana unanisaidia kujibu. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, Serikali ya Ghana ilibeba ankara za maji za Aprili hadi Juni. Mwenye bomba alipata nafuu siku ile ile. Anayechota kwa jirani alibaki akitegemea uungwana wa jirani. Ndiyo maana nasema msaada umfuate mtu, kupitia simu yake, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, badala ya kuifuata mita.

Kuhusu shemeji wa mwenyekiti, ndugu wa Tabata amegusa penyewe, na sitajifanya kwamba halipo. Walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, hupendekezwa kwenye mkutano wa hadhara, ambako angalau majirani wanasikia jina likisomwa na wanaweza kupinga; naona hilo ni afadhali kuliko barua iliyoandikwa ofisini.

Kinachonisumbua zaidi ni mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, ambaye mwenye nyumba wake hataki ijulikane kwamba amepangisha, kwa kuwa anaogopa kutozwa na Serikali kodi ya mapato ya pango. Huyo nani atasimama mkutanoni kuthibitisha kwamba anaishi pale?