Ukoo wa Cucu, nyanya yetu ☕

*Njeri:* Habari za jioni wapendwa. Nimekesha na tamthilia ya Gaviota kwenye Netflix, yule mchuma kahawa wa Kolombia. Nani mwingine anaitazama?

*Shangazi Wangari:* Hiyo si ya Paloma?

*Kamau:* Hadithi ni ile ile, lakini Paloma ni wa Meksiko, ile ya 2001. Ya kwanza ni ya Kolombia, 1994, aliiandika Fernando Gaitán, yule yule wa tamthilia ya Betty la Fea. Hii ya Njeri ni ya 2021.

*Mjomba Ngugi:* Kumbe dada mmoja analizwa na mwanamume yule yule mara tatu 😂

*Mama Njeri:* Paloma akianza, Wangari anaacha sufuria iungue.

*Shangazi Wangari:* Iungue tu. Yule alikuwa mimi.

*Kamau:* Wewe, Paloma? 😳

*Shangazi Wangari:* Si sura, Kamau. Kikapu kiunoni. Unachuma nyekundu, kijani unaacha. Jioni unaketi kwenye gunia unachambua, ndipo karani apime. Debe lisipofika ukingoni, haandiki kitu. Likizo zangu za Desemba ziliishia hapo. Vitabu vya shule nilisoma vingi, hakuna nilimojikuta. Nikaja kujikuta kwa Mmeksiko, tena amejipaka rangi ya mdomo shambani!

*Mjomba Ngugi:* Hiyo rangi ndiyo ilikukosa.

*Njeri:* Mimi kilichoniuma ni shamba. Gaviota alimwokoa mzee Octavio, mwenye shamba, kwa watekaji, mzee akamwahidi kipande cha ardhi. Akafa hivyo hivyo.

*Shangazi Wangari:* Hapo sasa.

*Mama Njeri:* Muulizeni Cucu.

*Cucu:* 🎤 0:48

*Kamau:* Kwa walio kwenye matatu: Cucu anasema tajiri wao pia aliwaonyesha kwa kidole, kutoka mtoni mpaka kwenye ule mti mkubwa, hapa patakuwa penu. Watoto wake wakauza. Kidole hakina hati. Anasema huyo msichana ni yeye, si Wangari.

*Shangazi Wangari:* Nimenyang'anywa mchana kweupe 😂

*Mjomba Ngugi:* Lakini Gaviota hakukaa kulilia shamba. Alienda mjini akawa mkubwa kwenye kampuni ya kahawa.

*Cucu:* 🎤 0:09

*Kamau:* Anauliza, huko mjini watoto saba angemwachia nani, wewe Ngugi ukiwa wa mwisho na mlizi kuliko wote? Na Njeri apeleke hiyo filamu Jumamosi, amsomee yale maandishi ya chini kwa Kikuyu.

*Njeri:* Cucu, ni vipindi vingi mno, itabidi nihamie huko!

*Mama Njeri:* Hamia. Bando ubebe lako.