Kudai marejesho ya kodi ya Uingereza ukiwa umekwisharudi Kigoma

Ndugu wanajumuiya,

Nilirejea Ujiji mwanzoni mwa Oktoba, baada ya miaka minne ya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Leicester. Juzi nimepokea ujumbe wa simu unaosema kwamba mamlaka ya kodi ya Uingereza imenipangia marejesho ya pauni mia nne na kitu, na kwamba nibonyeze kiungo kabla ya saa sita usiku ili nijaze namba za kadi yangu ya benki. Kodi nilikatwa kila mwezi, na naamini kuna haki yangu iliyobaki huko. Naomba mwenye uzoefu anieleze kama ujumbe huu ni wa kweli, na kama si wa kweli, nipite njia ipi.

Dada yenu, Ujiji

*

Dada yetu wa Ujiji, pole na safari na karibu nyumbani.

Usibonyeze. Ujumbe huo ni ndugu wa damu wa ule tuliouzoea hapa, «ile hela tuma kwenye namba hii», isipokuwa huu umevaa suti. HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya kodi ya Uingereza, haimwarifu mtu marejesho kwa ujumbe wa simu wala kwa barua pepe ikimtaka ataje namba za kadi. Upige picha ujumbe huo, uitume kwa phishing@hmrc.gov.uk, kisha uufute.

Hata hivyo, kwamba tapeli amekutajia marejesho hakuna maana kwamba huna marejesho. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili, na kiasi kisichotozwa kodi kwa mtu wa kawaida ni pauni 12,570 kwa mwaka, lakini mwajiri hukigawa kwa miezi kumi na miwili. Tuseme ulilipwa pauni 2,000 kwa mwezi kwa miezi sita, jumla 12,000. Kwa miezi hiyo mwajiri alikuhesabia msamaha wa pauni 6,285 tu, akakata asilimia 20 ya pauni 5,715 zilizosalia, yaani pauni 1,143. Kama hukupata kipato kingine cha kutozwa kodi huko hadi mwaka ulipokwisha, mapato yako yote yako chini ya 12,570, na fedha hiyo yote ni yako. Weka namba zako halisi ndipo uone.

Njia yake ni fomu iitwayo P85, ambayo hujazwa na mtu aliyeondoka Uingereza kwa kudumu, au aliyekwenda kufanya kazi nje kwa mwaka mzima wa kodi au zaidi. Utahitaji hati ya P45 uliyopewa na mwajiri ulipoacha kazi, na namba yako ya Bima ya Taifa ya huko (National Insurance). Kudai ni bure. Anwani ya gov.uk iandike kwa mkono wako mwenyewe; ukitafuta kwa maneno, matangazo ya mawakala yaliyolipiwa ndiyo yatakayokaa juu. Tazama pia jina la tovuti linaishia wapi: likiwa na nukta na maneno mengine baada ya gov.uk, kabla ya mkwaju wa kwanza (alama hii: /), hiyo si tovuti ya serikali.

Kuhusu mawakala nasema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mmoja kazi hii, nikasaini karatasi bila kuisoma, naye akachukua karibu nusu ya marejesho yangu kwa kujaza fomu ambayo baadaye niliijaza mwenyewe jioni moja, chai ikiwa bado haijapoa. Karatasi ile ilimhamishia haki ya fedha zangu. Tangu tarehe 15 Machi 2023 sheria ya huko haitambui tena hati za kuhamisha marejesho ya kodi ya mapato, lakini wakala bado anaweza kuteuliwa kukupokelea, kwa hiyo soma kabla ya kusaini.

Linalowakwamisha wengi wa Kigoma ni simu. Akaunti ya Government Gateway, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia, hutuma namba za siri kwenye laini uliyosajili, na wengi wetu laini ya Uingereza huitupa kabla ya kupanda ndege. Kama yako bado inashika, ingia leo ubadilishe, uchague programu ya simu inayozalisha namba hizo, kwa sababu hiyo haihitaji laini wala salio. Ukiingia kwa kompyuta ya kukodi pale mjini, usikubali ihifadhi nenosiri, na uondoke kwenye akaunti kabla hujainuka kitini. Mimi ningesubiri kompyuta ya mtu ninayemwamini, hata kama ni ya wiki ijayo.

Haraka haipo. Unaruhusiwa kudai hadi miaka minne baada ya mwaka wa kodi husika kwisha; wa 2022/23, kwa mfano, mwisho wake ni tarehe 5 Aprili 2027. Anayekuambia leo saa sita usiku ana sababu yake.

Kaka yako, Mwanga

*

Naongeza mawili tu kutoka Tabora. Kwanza, usifunge akaunti yako ya benki ya Uingereza kabla fedha haijaingia. Hundi ya pauni iliyotumwa kwenye sanduku la posta huku kwetu ni mzigo wa pili. Pili, michango ya Bima ya Taifa hairudishwi kwa njia hii, kwa hiyo usiihesabu.

*

Asanteni sana, kaka zangu. P45 nimeiona ndani ya begi la vyeti, na laini ya Uingereza imeshika nilipoirudisha kwenye simu ya zamani. Ile programu ya namba za siri nimekwishaiweka. Fomu nitaijaza Jumamosi kwa binamu yangu Gungu.