Kuigeuza nyumba ya enzi ya Wajerumani Amani kuwa makumbusho ya kijiji ya historia ya msitu: tuanzie wapi?

Mjumbe wa Kamati ya Maliasili (Muheza)

Habari zenu wanajukwaa. Kijiji chetu kinapakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, na katikati ya kijiji ipo nyumba ya mawe ya enzi ya Wajerumani, tangu zama za ile taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo iliyoanzishwa hapa mwaka 1902. Baadaye ilikaliwa na watumishi wa utafiti kwa miaka mingi, na sasa iko tupu. Bati linavuja upande wa baraza, mchwa wameingia kwenye mbao za dari, ila kuta bado zimesimama. Wenye nyumba, ambao ni taasisi ya umma, wametuambia kwa mdomo kwamba hawana pingamizi tukiitumia kwa manufaa ya wananchi.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kwamba nyumba hiyo iwe makumbusho ya historia ya msitu, yatakayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Tunao wazee waliovuna magogo, waliolima iliki chini ya miti mikubwa, na wengine ambao wazazi wao waliletwa kama manamba wa mashamba ya chai, na kila mwaka tunazika baadhi yao kabla hawajaulizwa lolote. Naomba ushauri kuhusu taratibu za kisheria na ukarabati, na zaidi kuhusu kitakachowekwa ndani, kwa kuwa hapo ndipo tunapovutana: baadhi yetu wanataka maua, ndege na vinyonga wa kuwavutia watalii, na wengine wanataka maisha ya watu.

Afisa Malikale Mstaafu

Ndugu Mjumbe, kabla hamjagusa hata bati moja, ipateni ruhusa hiyo kwa maandishi. Aliyewaahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na ahadi ikahama naye.

Watu wengi hudhani kwamba kila jengo la Mjerumani linalindwa na sheria kwa sababu tu ni la zamani, jambo ambalo si kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na jengo la baada ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza rasmi. Nyumba yenu, kwa hiyo, inaweza kubomolewa kesho bila kosa lolote chini ya sheria hiyo. Andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale kupitia halmashauri ya wilaya, mkiambatisha picha, ramani ya kiwanja na muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi za waliohudhuria.

Halmashauri ya kijiji iliyosajiliwa ni chombo kinachotambuliwa kisheria chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, hivyo inaweza kuingia mkataba kwa jina lake yenyewe. Mkataba huo useme ni miaka mingapi, nani analipia paa, na vitu vilivyomo vitakuwa mali ya nani iwapo mwenye nyumba ataitaka nyumba yake.

Mifano ya kutazama mnayo. Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, leo ni makumbusho ya elimu viumbe, na Boma la zamani la Tanga nalo ni makumbusho. Jirani yenu kabisa, pale Sigi, nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani iliyotoka Tengeni ilikarabatiwa ikawa kituo cha taarifa cha hifadhi. Nendeni mkaone jinsi vyumba vilivyogawanywa, na muwaulize wahudumu ni kitu gani kinachowasumbua wakati wa masika.

Fundi wa Majengo ya Kale, Tanga

Mimi nimezoea kuta za mawe na chokaa, kwa hiyo nitajibu upande huo tu. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Adui wa kwanza wa nyumba hiyo ni maji, na kama mtaanza na plasta na rangi huku paa likivuja, fedha zote zitapotea kwa msimu mmoja.

Anzeni na paa na kenchi, kisha mifereji ya paa, kisha mtaro wa kuyaondoa maji kwenye msingi, hasa upande wa mlimani ambako ardhi mara nyingi imepanda na kufunika sehemu ya chini ya ukuta. Ondoeni udongo huo taratibu hadi msingi uonekane. Mbao zilizoliwa na mchwa zikatwe na kuungwa nyingine pale palipoharibika tu, kwa maana mbao za zamani mara nyingi ni ngumu kuliko mtakazonunua leo.

Kuhusu kuta, nawasihi sana msitumie saruji. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena, na ukiufunika kwa plasta ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu unakwama ndani na chokaa ya katikati ya mawe inaanza kulika. Kama kuna mtu alishawahi kuziba sehemu kwa saruji, pigeni ukuta polepole kwa vifundo vya vidole mkitembea hatua kwa hatua. Palipo pazima patatoa mlio mzito, na palipoachana na mawe patalia kama debe tupu. Hapo ndipo pa kubandua, na nyuma yake mtakuta chokaa imekuwa unga unaomwagika ukiguswa. Jazeni kwa chokaa iliyozimwa na kuachwa ndani ya maji kwa muda wa kutosha, ichanganywe na mchanga safi usio na chumvi, na kila tabaka liachwe likauke kabla ya kuweka jingine. Kazi hii haina haraka, na vijana wa kijiji wanaweza kuifundishwa, wakabaki na ujuzi wa kuitunza nyumba baada ya mafundi kuondoka.

Pigeni picha kila ukuta kabla na baada. Madirisha yabaki yanafunguka, kwa sababu nyumba hiyo ilijengwa ili hewa ipite.

Mtafiti wa Historia ya Misitu

Kwa maoni yangu mvutano mlionao unaweza kumalizwa na mti mmoja, yaani msizi. Uliletwa na kupandwa Amani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ukakaa kwa utulivu, kisha uvunaji wa magogo kwa mashine ulipofungua mapengo msituni, hondohondo waliokula matunda yake wakazisambaza mbegu humo, na leo umeenea mahali pengi palipokuwa na miti ya asili. Wekeni kipande cha gogo la msizi katikati ya chumba, na pembeni yake sauti ya mzee aliyekuwa mkata miti, akieleza alivyoingia msituni asubuhi, alilipwaje na nani alikuwa msimamizi wake. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya ndege atamkuta ndege, na atakuta watu pia.

Taasisi yenyewe ina mengi ya kuelezwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani kutokana na magome ya miti iliyopandwa palepale. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, Amani ilikuwa mahali pa kuzalisha mbegu za mihogo zinazostahimili ugonjwa wa batobato, kazi ambayo wakulima wa Afrika wananufaika nayo hadi leo. Lakini majina yanayoandikwa ni ya wakurugenzi. Waliojua mti gani unapatikana bonde gani, waliopanda juu kukata matawi na kuyakausha katikati ya karatasi, walikuwa watu wa vijiji vyenu, na hawa ndio ninaotamani kuona wakipewa ukuta mkubwa kuliko wote.

Mimea hiyo iliyokaushwa ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na huko ndiko iliko. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya Wajerumani kule Berlin iliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943, kwa hiyo karatasi za Nairobi zina thamani ya pekee. Msiombe karatasi zenyewe, kwa maana unyevu wa Amani utaziharibu. Ombeni picha zake, pamoja na lebo zilizoandikwa kwa mkono.

Mwongoza Wageni

Nakubaliana na mengi, ila nina wasiwasi na jambo la iliki na Derema, ule ushoroba unaounganisha misitu ambako wakulima wa iliki waliondolewa. Fidia ilishalipwa, na tukiutundika mgogoro ule ukutani huenda wahifadhi wakaona tunawachochea watu. Makumbusho yatahitaji ushirikiano wao kila siku. Tukumbuke pia suala la mapato: ufugaji wa vipepeo uliwapa watu fedha nzuri, kisha katazo la mwaka 2016 la kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi likaufunga mlango huo. Tusitegemee kiingilio cha watalii peke yake. Shule za Muheza na Tanga zije pia, maana maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, ambao chanzo chake ni msitu huu.

Mtafiti wa Historia ya Misitu

Ndugu Mwongoza Wageni, naelewa hofu yako, lakini siafiki kuliacha jambo hilo nje. Watu walithaminiwa mazao, wakalipwa na kuondoka, na malalamiko juu ya kiwango cha fidia yaliendelea kwa miaka. Mkulima wa iliki akiingia kwenye nyumba hiyo akakuta historia ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997 haina yeye ndani, hatarudi, wala hatawaletea vitu vyake. Wahifadhi nao wapewe nafasi ya kueleza kwa nini ushoroba ule ulihitajika, na maelezo hayo yakae kando ya ya wakulima, kila upande kwa maneno yake. Waiteni wahifadhi wasome rasimu kabla haijachapishwa.

Wazee warekodiwe sasa hivi, hata kabla ya paa kuguswa, tena Kishambaa au Kibondei kwa anayependa. Kila mmoja aulizwe kama anakubali sauti yake isikike hadharani, na familia yake ipewe nakala.

Mjumbe wa Kamati ya Maliasili (Muheza)

Nawashukuru nyote. Nimenakili majibu haya kwa ajili ya kikao cha halmashauri ya kijiji, na barua ya kuomba mkataba itakuwa ajenda ya kwanza. Kuhusu kurekodi, tunao vijana wenye simu nzuri, lakini hatuna mahali salama pa kuhifadhia. Je, kuna anayejua namna ya kuzitunza sauti hizo nje ya kijiji bila kijiji kupoteza haki juu yake?