Tupeane uzoefu: kozi za stadi za maisha kwa vijana, ni kipi hasa kinachojenga kujiamini?

Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoendesha au wanaotaka kuanzisha kozi za stadi za maisha kwa vijana, ziwe za likizo, za baada ya masomo au za mwisho wa wiki. Naomba tuweke vitu vya kushikika: mpangilio wa vipindi, idadi ya washiriki, mazoezi yenyewe na mahali yanapoharibikia. Habari za "vijana walifurahi sana" tuziache, kwa sababu kijana anaweza kufurahi wiki nzima na akarudi nyumbani vilevile alivyokuja.

Naanza na mtaala. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za msingi: kufanya maamuzi na kutatua matatizo, fikra bunifu na fikra tunduizi (kupima hoja kabla ya kuikubali), mawasiliano na mahusiano, kujitambua na kuwaelewa wengine wanavyojisikia, kudhibiti hisia na kukabili msongo. Orodha ni nzuri, ila wengi huichukua na kuigawa kwa siku: leo kujitambua, kesho msongo, keshokutwa maamuzi. Siku tano, stadi kumi, na hakuna hata moja iliyokaa. Kwa kozi ya vipindi 12 vya dakika 90, chagua stadi tatu, zikizidi sana nne. Stadi moja inataka ielezwe, ionyeshwe, ijaribiwe, irekebishwe, ijaribiwe tena. Muda ukibana, hatua mbili za mwisho ndizo hukatwa, na ndizo zenye faida yote.

Mwaka 2010 watafiti Durlak, Weissberg na Pachan walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za programu za baada ya masomo. Zilizozaa matunda zilikuwa na mambo manne kwa pamoja: hatua zinazofuatana, kujifunza kwa kutenda, muda uliotengwa kwa ajili ya stadi zenyewe, na malengo yaliyotajwa waziwazi. Ambazo hazikutimiza manne hayo hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Kabla hujachapa vyeti, kagua ratiba yako kwa vigezo hivyo.

Na kuhusu kujiamini: mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba ataweza. Kwanza ni kuwahi kulifanya jambo likafaulu. Pili, kumwona mtu wa hali yako akilifanya. Tatu, kutiwa moyo kwa maneno. Nne, jinsi anavyousoma mwili wake mwenyewe, yaani moyo ukidunda anaona ni woga au ni maandalizi. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kozi za hamasa zimejengwa karibu zote juu ya cha tatu, ndiyo maana moto wake huzimika upesi.

Sautikavu

Naunga mkono hoja. Niweke upande wa kuongea mbele ya watu, maana huko ndiko vijana wengi huumizwa na wanaotaka kuwasaidia.

Kikundi kiwe cha watu 12 hadi 16, wawezeshaji wawili, viti kwa duara, bila meza katikati. Kisha panda ngazi hivi, kipindi kwa kipindi:

Kipindi cha kwanza, wakae wawili wawili. Kila mmoja anaongea dakika 2, mwenzake anasikiliza tu bila kumkatiza. Baadaye kila mtu anamtambulisha mwenzake kwa kikundi kwa sentensi mbili, akiwa ameketi palepale. Anachokisema kinamhusu mtu mwingine, kwa hiyo macho ya watu hayamlemei yeye.

Kipindi cha pili, watu wanne wanne. Kila mmoja anaeleza kwa sekunde 60 hatua za kufanya kitu anachokijua kwa mikono yake. Usitoe mada kama "umuhimu wa elimu". Mada pana humfanya kijana atafute maneno makubwa na akakwama. Hatua za kazi anayoijua zinajipanga zenyewe: kwanza hiki, kisha kile.

Kipindi cha tatu, maelezo yaleyale, kikundi kilekile cha wanne, ila sasa amesimama. Usibadilishe mada. Wawezeshaji huona kurudia kunachosha, lakini hapo ndipo kijana anapojisikia kwa masikio yake kwamba leo imetoka vizuri kuliko juzi.

Kipindi cha nne, mbele ya wote kwa dakika 2, akiwa na kadi yenye maneno matano tu. Ukimruhusu kuandika sentensi, ataisoma kadi na sauti itaelekea sakafuni. Kadi iwe ngumu. Karatasi nyepesi hutetemeka mkononi, na yeye akiiona inatetemeka ndipo woga unapozidi. Cha tano na cha sita ni kujibu maswali ya wasikilizaji, baada ya kuzoea kusema: "Jibu la hilo sina kwa sasa, nitalitafuta."

Muda usitunzwe kwa kumkatiza. Vilabu vya Toastmasters vya kujifunza kuhutubia, vilivyoanza 1924, hutumia taa: kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, ya kijani huwaka dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7. Kwa dakika 2 tumia kadi za rangi: kijani kwenye 1:30, njano 1:45, nyekundu 2:00, na mwenye kadi akae nyuma kabisa.

Yanayoharibika: sauti kufifia mwisho wa sentensi, na chanzo chake mara nyingi ni pumzi. Mfundishe avute kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, mara tatu kabla ya kusimama. Macho kuganda kwa mwezeshaji: mchagulie watu watatu, kushoto, katikati na kulia. Kubwa kuliko yote ni kumrusha ngazi. Ukimwita mkimya wa kikundi aanze yeye "ili azoee", akikwama mbele ya wote umempa ushahidi kwamba hawezi, na ushahidi huo utachukua vipindi vingi kuufuta.

Kiti cha Nyuma

Mkuu Sautikavu, na yule anayegoma kabisa? Kuna kijana anakuja kila kipindi na kukaa, lakini zamu yake ikifika anatikisa kichwa.

Sautikavu

Haki ya kusema "napita" iwekwe siku ya kwanza kwenye makubaliano ya kikundi, na iwe ya wote. Lakini anayepita apewe kazi inayoonekana: kutunza kadi za muda, kuandika kwenye bango kitita, kuhesabu mara ngapi msemaji aliwatazama watu. Hapo bado yumo. Baada ya vipindi viwili, zungumza naye pembeni, pale wengine wanapoweza kuwaona ila hawasikii, umuulize: "Ni ngazi gani ungeiweza wiki ijayo?" Achague yeye. Wengine huchagua kusoma swali moja tu kwa sauti. Ipokee hivyohivyo. Ila ukiona pia amebadilika ghafla, hali chakula, hapati usingizi au anashtuka akiguswa, hilo si la mazoezi ya kuongea. Lifikishe kwa mtu mwenye mafunzo ya ushauri nasaha kwa utaratibu mliojiwekea.

Kalamu Nyeusi

Nyongeza kuhusu mrejesho. "Hongera, una kipaji!" ni sifa inayotoka mdomoni kirahisi, na ina madhara. Watafiti Mueller na Dweck, 1998, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa haraka walipokutana na kazi ngumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Taja kilichofanyika: "Ulinyamaza kwanza, ukatutazama, ndipo ukaanza." Hilo anaweza kulirudia kesho. Kipaji hajui alikitoa wapi, kwa hiyo hajui atakirudishaje.

Utaratibu: aanze mwenyewe kusema lililomwendea vizuri, afuate mshiriki mmoja, mwezeshaji awe wa mwisho. Jambo moja la kuendeleza, jambo moja la kubadili, basi. Kisha, na hapa ndipo wengi huacha, arudie palepale sekunde 20 za sehemu ile tu iliyorekebishwa. Mrejesho usiofuatwa na jaribio jingine hubaki kuwa maoni.

Darubini

Mimi naleta igizo dhima (kila mtu anaigiza nafasi aliyopewa) la kukataa ushawishi wa rika, kwa sababu huendeshwa kwa vicheko vingi bila mtu kujifunza kitu.

Wagawe watatu watatu: mshawishi, mshawishiwa, mtazamaji. Dakika 3 za kuigiza, 2 za mrejesho, kisha zamu zizunguke hadi kila mtu apite nafasi zote. Mshawishi apewe kadi yenye sentensi nne zinazozidi uzito: "Wote tunaenda." "Kumbe unaogopa?" "Mara moja tu, nani atajua?" "Basi wewe si mwenzetu." Asiruke, azitoe kwa mpangilio. Bila kadi atachekesha tu, na mwenzake hatapata shinikizo la kweli.

Mshawishiwa ana hatua nne: hapana kwa sentensi fupi, sababu moja iliyo yake, pendekezo jingine, kuondoka. Sisitiza sababu *moja*. Kijana akisema "sina muda, halafu mama atagomba, halafu sina nguo", mshawishi ana milango mitatu ya kuingilia: muda utapatikana, mama hatajua, nguo utaazima. Lakini "Sitaki, si kitu ninachofanya" haina pa kushika. Mtazamaji naye asiangalie maneno, aangalie mwili: tabasamu la kuomba radhi, miguu iliyobaki palepale wakati mdomo umesema naondoka. Hatua ya nne itendwe kwa miguu, aende mpaka mlangoni.

Makosa ya mwezeshaji ni mawili. La kwanza, kumwacha mwigizaji hodari awe mshawishi kila raundi. Huyo anafuzu kushawishi. La pili, kuomba "kisa cha kweli kilichokupata". Usifanye hivyo. Tumia visa vya kubuni, na mwisho kila mmoja ataje jina lake kwa sauti na abadilishe kiti, ili atoke kwenye uhusika. Matusi ya igizo yasimfuate mtu nje.

Na kuhusu nani wa kumwita kwenye kozi: watafiti Dishion, McCord na Poulin walionya mwaka 1999 kwamba kuwakusanya pamoja vijana wenye tabia hatarishi pekee kunaweza kuzidisha tabia hizo, kwa kuwa hupeana sifa kwa yaleyale tunayotaka wayaache. Changanya kikundi. Kozi ya "watukutu watupu" inaonekana kuwalenga wanaohitaji, kumbe inawapa hadhira.

Mleta mada

Hoja ya Darubini kuhusu mchanganyiko wa washiriki izingatiwe hata na wafadhili.

Niongeze la mradi wa vijana. Mtafiti Roger Hart alichora mwaka 1992 ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vidato 8, na vitatu vya chini havihesabu kuwa ni ushiriki: kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Kijana anayesoma risala aliyoandikiwa na mkubwa yupo kwenye vidato hivyo, hata apigiwe makofi vipi. Wape mradi mdogo unaomalizika ndani ya wiki 4, wapange bajeti wao, na makosa ya kiasi waachiwe wayatatue. Mpango wao usiishie "tutajitahidi". Uandikwe kwa mtindo wa *ikiwa–basi*, ambao mwanasaikolojia Gollwitzer aliueleza mwaka 1999 kuwa unasaidia nia kugeuka tendo: "Ikiwa mwenye ukumbi hajajibu mpaka Jumatano saa 10 jioni, basi mimi na mwenzangu tunamfuata."

Muda nao ni kitu. Tuzo ya Duke of Edinburgh, mpango wa kuwakuza vijana kwa shughuli za vitendo, iliyoanza Uingereza mwaka 1956 na inayopokea vijana wa miaka 14 hadi 24, hudai angalau miezi 6 kwa ngazi ya shaba, ambayo ndiyo ya chini. Kozi ya siku tatu iitwe utangulizi.

Kiti cha Nyuma

Tathmini mnaifanyaje? Za kwetu za kabla na baada zinatoa majibu ya ajabu, alama zinashuka.

Kalamu Nyeusi

Zinashuka kwa sababu mwanzoni kijana hujipa 5 kati ya 5 kwenye "najua kusikiliza", kwa kuwa hajawahi kuona kusikiliza kukoje. Akishajifunza, anajipa 3, na hiyo 3 ina ukweli zaidi. Dawa yake: mwisho wa kozi weka safu mbili kwenye karatasi moja, "kabla ya kozi nilikuwa" na "sasa nipo", azijaze kwa pamoja kwa kipimo kimoja.

Ambatanisha na orodha ya kutazama: matendo matano, alama 0 hadi 2, mtazamaji yuleyule. Mfano: anaanza kuongea bila kuitwa, anauliza swali la ufuatiliaji, anapinga hoja bila kumshambulia mtu, anaomba msaada mapema, anamaliza kazi aliyojitolea. Pima kipindi cha 2 (cha kwanza wote ni wageni), cha 11, na tena miezi mitatu baadaye. Kikao hicho cha tatu kiandikwe kwenye ratiba na kwenye ridhaa ya mzazi tangu siku ya usajili, la sivyo hamtawapata tena.